Maswali Ninayoulizwa Kila Kaskazi: Bustani, Safari Fupi na Vitabu

Upepo ukigeuka, mnamo Desemba, kaskazi ikaanza, wasomaji huanza kuniuliza ninafanya nini miezi hii ambayo hakuna anayeniona mezani. Naishi Lamu, mtaa wa Mkomani, katika nyumba ya mawe niliyorithi kwa bibi mzaa mama, na kazi yangu ni kuandika riwaya. Haya ndiyo majibu ya maswali yanayorudi zaidi.

Ni kweli kwamba kaskazi huandiki?

Ni kweli. Riwaya kwangu ni kazi ya kusi, msimu wa upepo wa kusini. Masika ikianza Aprili, bahari ikafunga na vyombo vidogo vikapandishwa pwani, mji hutulia, nami hukaa mezani tangu baada ya alfajiri hadi adhuhuri. Huendelea hivyo mpaka vuli. Kaskazi ikishika nalifunga daftari la riwaya na kulitia sandukuni. Joto hupita nyuzi 30, Januari na Februari mvua karibu hainyeshi kabisa, na akili yangu haiwezi kubeba sentensi ndefu. Ninachobaki nacho ni kijitabu cha mfukoni cha maneno: jina la kamba, jina la samaki, jina la kidudu kinachokula majani ya mndimu. Hadithi haimo.

Msidhani nimelala. Ile miezi minane natumia maneno. Hii minne nayatafuta.

Kisa cha asumini ni kipi? Unakigusia kila ukihojiwa, lakini hukimalizi.

Nitakimaliza leo, kwa sababu ndicho kilichonifanya niwe na bustani.

Riwaya yangu ya kwanza niliiandika Nairobi, katika chumba kisicho na hata kopo la maua. Ndani yake kuna bibi harusi anayetoka uani saa sita mchana, anachuma asumini zilizochanua, anazitunga kwa ajili ya usiku wake. Nilikipenda sana kile kipande. Nilipokuja nyumbani na nakala za kwanza, jirani yetu, mama mtu mzima aliyetunga vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia, tangu usichana wake, alikuwa akisomewa kitabu na mjukuu wake. Walipofika pale akamsimamisha, akatuma niitwe. Nikaketi barazani pake. Akaniuliza kwa upole, kwa Kiamu chake, lahaja ya Lamu: "Mwanangu, asumini gani hii ichanuayo mtana?"

Asumini huchumwa alasiri, ingali tumba. Hutungwa ikiwa imefumba, nayo hujifungua yenyewe magharibi ikiingia, nyweleni au kitandani, ikanukia usiku kucha. Ile unayoikuta wazi saa sita mchana ni ya jana, imeshaanza kugeuka rangi. Bibi harusi wangu aliingia chumbani amevaa maua ya jana. Kila mwanamke wa Lamu aliyefika ukurasa ule aliliona hilo, na wengi walinyamaza kwa kunistahi.

Neno lenyewe nililijua tangu utotoni, harufu yake pia. Nilichokosa ni mkono. Sikuwahi kuchuma asumini kwa kazi, wala kukaa na mtu anayeichuma. Tangu siku ile sitii kitu katika riwaya mpaka nimekishika, au nimekaa na anayekishika mpaka anichoke. Mwezi uliofuata yule mama alinipa vijiti vitatu kutoka kwenye mti wake. Viwili vilishika, na hadi leo navichuma saa kumi jioni.

Nyumba za Lamu zimebanana. Bustani iko wapi?

Ndani. Sisi husema "kiwanda" kwa ua ulio katikati ya nyumba, uliofunguka juu. Asiye wa huku akisikia neno hilo hufikiria mashine. Changu ni hatua tisa kwa saba, kina kisima pembeni, na jua hukifikia kwa saa tano hivi, kwa kuwa kuta ni ndefu. Mji Mkongwe wa Lamu umo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, kwa hiyo kubomoa ukuta ili kuongeza jua si jambo la kufikiri. Napanda kwa kufuata jua. Kwenye ukuta wa mashariki, unaopata jua la jioni, ipo asumini na mkomamanga. Katikati kuna mndimu na mpapai mmoja. Kivulini naweka mrehani kwenye madebe, ingawa hupenda jua zaidi ya hilo, kwa hiyo nayasogeza asubuhi na kuyarudisha jioni. Darini, juu ya nyumba, nina bamia, mchicha na pilipili.

Waridi nimejaribu mara nne. Nitajaribu tena.

Udongo wetu wa pwani ni mchanga na mawe. Unaupataje wenye rutuba?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, naomba mnivumilie.

Udongo wa kiwandani kwangu ni mchanga uliochanganyika na kifusi cha chokaa cha karne na karne, maana nyumba hizi zimejengwa kwa matumbawe na chokaa, na kila ukarabati huacha vumbi lake chini. Chokaa ikizidi, mndimu hugeuka manjano: majani yanapauka, mishipa inabaki kijani. Nilidhani ni njaa ya maji, nikauzamisha, ukazidi kuugua. Chuma kimo ardhini, ila chokaa inakizuia, mizizi haiwezi kukichukua.

Dawa yangu ni punda. Mji huu hubebwa na punda: mawe, saruji, mchanga, mitungi ya gesi, magunia ya mchele, kwa kuwa vichochoro havipitishi gari. Samadi yao haiuzwi ghali, na mara nyingi mwenye punda hufurahi ukimwondolea. Kosa la wanaoanza ni kuitia ikiwa mbichi. Samadi mbichi inachoma mizizi, na tumbo la punda halisagi mbegu kama la ng'ombe, kwa hiyo utapanda bamia uvune magugu. Mimi huilaza miezi mitatu pembeni, naichanganya na majani makavu na mabaki ya jikoni, nafunika kwa makuti, nageuza kila Ijumaa asubuhi. Ikiwa tayari huwa nyeusi, inabomoka vidoleni, na harufu yake ni ya ardhi iliyonyeshewa. Hapo ndipo naichimbia shimo la mndimu. Mti wangu ulichukua mwaka na nusu kurudi kijani. Sasa ndimu zake natengenezea achari.

Juu ya udongo naweka makumbi ya nazi, kifuu kimeondolewa, upande wa ndani chini. Yanashika maji, yanazuia jua, na baada ya misimu miwili yanaoza yakawa mbolea. Lakini ulizeni yametoka wapi. Makumbi ya kutengenezea kamba hulowekwa katika tope la pwani, na yakitoka huko yana chumvi. Niliwahi kuua pilipili zote za darini kwa makumbi ya namna hiyo. Siku hizi nayaosha mara tatu hata nikiambiwa ni masafi.

Na maji je? Visima si huwa na chumvi?

Kaskazi ikikomaa, cha kwangu hukolea chumvi kabisa. Mkomamanga haujali sana, bamia huvumilia, asumini hununa. Kwa hiyo asumini na mndimu hupata maji ya mfereji, ndoo moja kila mmoja, baada ya magharibi. Na kila ninapofungua mfereji nakumbuka kwamba maji matamu ya mji huu hutoka chini ya machuli ya Shela, vile vilima vya mchanga vya kijiji jirani. Mvua hunywewa na mchanga ule, ikahifadhiwa humo. Anayejenga juu ya machuli anajenga juu ya mtungi wetu wa maji. Jambo hili linanikera sana na sitaacha kulisema.

Kunguru, paka, mbuzi?

Paka nawaacha. Kunguru huiba mapapai, nayafunga kwa gunia. Mbuzi hajawahi kufika darini.

Safari zako ni za wapi? Unaziita "fupi", fupi kiasi gani?

Za siku moja hadi tatu, nyingi kwa mashua. Ami yangu ni nahodha, na kaskazi bahari ya ndani ya visiwa huwa njema asubuhi kabla upepo haujapanda.

Kwenda Shela sihesabu kuwa safari. Ni mwendo wa kama dakika 45 kando ya maji, na maji yakijaa unaloa.

Ninakokwenda zaidi ni Matondoni, magharibi ya kisiwa, kwa mafundi wa vyombo. Pale najaza kijitabu. Najifunza kwamba chombo huanzia mkukuni, uti wake wa chini, yakafuata mataruma, mbavu zake, kisha mbao. Kwamba pamba iliyolowekwa mafuta hugongomezwa kwenye maungio ya mbao na kazi hiyo ni kalafati. Kwamba sifa ni mafuta ya papa na harufu yake haitoki nguoni hata kwa ndimu. Nilijua methali ya "tezi na omo, marejeo ni ngamani" tangu shule ya msingi, na niliwahi kujibu swali lake la mtihani. Siku moja fundi mmoja aliniteremsha ndani ya jahazi lililoletwa kukarabatiwa, akanisimamisha ngamani, chini kabisa mwa chombo. Maji hafifu yaliyobaki yalinigusa miguu. Akanionyesha: maji ya mbele yakiingia huja hapa, ya nyuma huja hapa, ukimwaga popote huja hapa. Miaka thelathini nilikuwa nikiisema methali hiyo bila kuiona.

Mafundi wazee pia husimulia habari za mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba ya makumbi, hakina hata msumari mmoja, tanga lake mkeka. Ulitoweka mwanzoni mwa karne ya 20. Maneno yake mengi yamekwenda nao, na hayo yaliyobaki nayaandika hata kama sijui nitayatumia wapi.

Takwa inafaa kwa siku moja?

Inafaa, lakini kwanza ulizeni maji. Takwa, magofu ya mji wa kale, iko kisiwani Manda, mwisho wa mkono wa bahari uliojaa mikoko, na mashua hufika maji yakijaa tu. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa karibu dakika 50 kuliko jana, kwa hiyo saa ya Jumatatu si saa ya Alhamisi. Tuliwahi kukawia kwa ajili yangu, nilikuwa nachora mlango wa msikiti, na tuliporudi mashuani maji yalikuwa yamekimbia. Tulikaa topeni saa tano, mbu wakitusoma. Ami hakuninung'unikia hata neno, alilala.

Mji ule ulihamwa katika karne ya 17. Msikiti umesimama na nguzo yake juu ya ukuta wa kibla, na nje ya ukuta wa mji kuna kaburi la nguzo lenye mwaka 1094 wa Hijria, yaani 1682 au 1683. Watu wa Shela huja kuomba mvua hapo. Mimi hukaa chini ya mibuyu na kusikiliza. Pana ukimya ambao Lamu hauupati hata usiku wa manane.

Umewahi kwenda Pate? Wengi huishia Shela.

Naenda kisiwani huko kila mwaka, siku tatu. Boti hupita Mkanda, njia nyembamba kati ya Manda na bara, nako pia ni lazima maji yawe yamejaa. Mjini Siyu naangalia ngome na kununua viatu vya ngozi. Kisha natembea hadi mji wa Pate wenyewe, na hapo husoma Al-Inkishafi kwa sauti, taratibu, ndani ya magofu.

Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliutunga utenzi huo mwanzoni mwa karne ya 19 akiutazama mji huu uliokuwa na nyumba za taa na vyombo vya kaure, sasa ndege na buibui ndio wenyeji. Mwalimu wetu alitufundisha kwamba ni utenzi wa mauti na dunia yenye kupita. Ndivyo. Lakini ukiusoma pale unaona jambo jingine. Ndani ya kuta zilizobaki za nyumba zile watu wanalima tumbaku. Nimewakuta wakichota maji na kuyamimina shina kwa shina, palipokuwa na sebule. Niliuliza kwa nini hapo. Mkulima mmoja akanijibu kwamba kuta huzuia upepo wa chumvi, na udongo wa mahali palipokaliwa na watu ni mzuri kuliko wa nje. Nilifunga kitabu kwanza, nikaandika jibu lake.

Huendi bara kabisa?

Mara moja kwa msimu. Navuka hadi Mokowe, napanda basi, napita Witu na Garsen, nafika Malindi nimejaa vumbi. Kesho yake naenda kwenye magofu ya Gede, kilomita kama 16 kusini. Aliyefukua mji ule kuanzia 1948 alikuwa James Kirkman, na nyumba zikapewa majina kwa vitu vilivyookotwa ndani: kuna Nyumba ya Mkasi, kuna Nyumba ya Kauri. Hakuna anayejua mwenye nyumba aliitwa nani, ila mkasi wake tunaujua. Kila nikisimama pale namfikiria mwanamke aliyeutafuta mkasi huo siku nzima asiuone.

Unasoma nini kaskazi hii?

Husoma kwa namna mbili. Asubuhi ni tenzi za huku, polepole, ukurasa mmoja au miwili. Mwaka huu nimerudi kwa Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, mama mgonjwa akimuusia binti yake. Wasichana wengi wa leo huukasirikia kwa sababu ya mafunzo yake kuhusu mume, na sina haja ya kuwazuia. Mimi huusoma kwa ajili ya vitu: pete za vidoleni, hina, wanja wa machoni. Mwana Kupona alijua kila kimoja huvaliwa lini na wapi. Najua asingeweka asumini iliyochanua saa sita mchana.

Mchana, jua likiwa utosini, nalala kwenye mkeka na riwaya ndefu. Ninayoirudia ni Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kutoka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Tuzo ya Nobel. Ndani yake kuna bustani iliyozungushiwa ukuta, na mzee anayeitunza, na kijana anayeitamani. Nilikuwa nimeisoma kwa Kiingereza zamani. Kwa Kiswahili bustani ile ilihamia kiwandani kwangu. Nilinyanyuka nikaenda kuangalia kama mkomamanga umepata maji.

Vitabu haviharibiki na unyevu wa bahari?

Huharibika. Navitunza katika zidaka za ndani, vile vishubaka vya ukutani, mbali na ukuta wa kisima, na karafuu chache nyuma ya kila safu. Kaskazi ikiwa kavu navitoa vyote, navianika kivulini siku mbili, kamwe si juani, maana gundi ya mgongo hukatika. Mchwa wakiingia hakuna karafuu itakayosaidia. Ni kukagua kila wiki.

Ramadhani ikiangukia kaskazi, ratiba inabadilika?

Sana, na miaka hii inaangukia humo. Kila mwaka hutangulia kwa siku kumi au kumi na moja, nami nitakuwa mzee ikifika katikati ya kusi. Safari zinasimama. Namwagilia baada ya tarawehe kwa mwanga wa taa, na asumini zangu hugawiwa majirani kabla ya futari, ndiyo maana mwezi huo sibaki na hata moja.

Riwaya ijayo itatoka lini?

Nimebakiza sura nne. Zinangoja kusi.

Naweza kuja kuiona bustani?

Karibuni, baada ya alasiri, siku yoyote isipokuwa Ijumaa. Mwenye watoto aje nao, watasaidia kuchuma. Msiniletee zawadi za dukani. Ila kama kuna mwenye mkadi, mti wa maua ya kunukia, nyumbani, naomba chipukizi lenye mizizi, limefungwa kwa gunia bichi. Yule jirani aliyenipa asumini anasema kikuba bila mkadi ni nusu kikuba, na nimetafuta hadi Kipungani sijaupata.